Mtu Aliyening'inia Juu ya Shimo la Nane

Watu wengine huota usiku, gizani, mahali ambapo hata shahidi humpati. Mimi ndoto yangu ya jana niliiota saa nane mchana, jua linawaka, nimelala kwenye kochi la sebuleni kwangu hapa Muheza, miguu juu, tumbo limejaa makande. Kwa hiyo asije mtu akasema sikuona vizuri.

Kabla sijalala nilikuwa nimegombana na mke wangu, Bi Mgeni, kwa sababu ya gemu.

Bi Mgeni ana gemu kwenye simu. Kazi yake ni kupanga matunda: mapera na mapera, machungwa na machungwa. Yakifika matatu yanapasuka na simu inapiga vigelegele. Amefika hatua ya elfu moja mia nne na kumi na mbili na hajawahi kufa hata mara moja.

"Gemu gani mtu hafi?" nikamwambia. "Huko ni kubembelezwa. Gemu zilikuwa zile zetu. Roho tatu, zikiisha unarudi mwanzo huku unalia."

"Ulikuwa unalia wewe, Baba Hidaya," akasema, macho hayajatoka kwenye simu. "Mimi hata zamu nilikuwa sipati."

Nikajifanya nimeshasinzia, na kwa kujifanya hivyo nikasinzia kweli.

Sasa, ili msipotee njiani, niwaeleze jambo moja. Mwaka wa tisini na nne, nikiwa mpima mkonge kwenye shamba moja huku kwetu, nilinunua gemu ya kuchomeka kwenye televisheni. Kaseti yake iliandikwa kwamba ina michezo tisini na tisa. Ndani ilikuwa minne, imebadilishwa majina. Mmoja ulikuwa wa mtu anayekimbia na ndoo ya maji kwenda kuzima moto, na njiani kuna mashimo manane ya kuruka. Maandishi yake hakuna mtu Muheza aliyeweza kuyasoma, basi tukamwita Bwana Ndoo. Mashimo saba watu walikuwa wanayavuka. La nane lilikuwa linameza kila mtu.

Na sheria ilikuwa moja kwa kila nyumba yenye gemu: aliyekufa anapisha. Unaweka pedi, kile kidude cha kuchezea, chini, unarudi mkekani, anayefuata anashika. Isipokuwa umeme ukikatika. Hiyo haihesabiwi, na aliyekuwa anacheza anaanza tena yeye yule.

Mimi nililivuka shimo la nane. Hilo kila mtu hapa mtaani analijua, maana nimewaambia mwenyewe. Mwisho wa mchezo ule nimeusimulia kwa namna saba tofauti, na zote zilipendwa.

Basi niko usingizini. Mbele yangu kinatokea kidole.

Ni kidole cheupe, kirefu kama mlango, kinaelea, na chini yake kina pindo la shati lenye kifungo.

"Hongera!" kinasema. "Umelala!"

"Asante."

"Bonyeza hapa uanze kuota."

Ukuta mzima wa sebule yangu umekuwa kitufe kimoja cha kijani. Hata ukitaka kubonyeza kitu kingine, hakipo. Nabonyeza. Karatasi za rangi zinamwagika kutoka darini.

"Hongera! Umebonyeza! Sasa inua mguu wa kushoto, mzee wangu."

"Kutembea najua."

"Wengi husema hivyo," Kidole kinasema kwa upole. "Hongera. Sasa wa kulia."

Tunafika kwenye mlango. Kabla sijaugusa, anaruka mtu kutoka pembeni, anasimama mbele yangu na kuanza kunisifia unga wa kuondoa kitambi. Kwenye paji la uso ana namba: thelathini, ishirini na tisa, ishirini na nane.

"Nipishe," namwambia.

"Yuko sawa, ni tangazo," Kidole kinasema. "Pa kumfungia ni hapo nyuma ya sikio lake, padogo kama chawa. Ila ukipakosa anaanza upya."

Najaribu. Napakosa. Anaanza upya.

Mpaka anamaliza, mimi kitambi changu nimekionea huruma na unga nimeuagiza pakiti mbili.

Mlango unafunguka, na ndani ni soko. Matunda yamekaa kwenye rafu kwa adabu, mikono magotini. Pera moja linasimama.

"Shikamoo, mzee. Utatupanga, au tujipange wenyewe?"

"Marahaba. Nitawapanga mimi."

Nataka kuwaonesha kazi. Nalichukua pera, nalitupa makusudi katikati ya machungwa, mahali ambapo hata kipofu angejua si pake. Pera linajifuta vumbi, linasema "samahani, samahani" huku likipenya, linarudi kwa wenzake. Yanapasuka. Vigelegele.

"Hongera! Wewe ni bingwa!"

"Nimekosea."

"Umekosea vizuri sana," Kidole kinasema.

Natafuta shimo nijitupe, angalau nife mara moja nijisikie mtu. Kila penye shimo pamesakafiwa kwa zege na kuandikwa tarehe.

"Mashimo yako wapi?"

"Yalikuwa yanawaudhi wateja. Tumeyaziba yote," Kidole kinasema, na kwa mara ya kwanza naona kimejikunja kidogo. "Limebaki moja. Ndiyo sababu tumekuita."

Nageuka kuuliza lipi. Soko halipo. Niko kwenye banda la mizani, lile lile nililofanyia kazi, harufu ya mkonge mbichi imejaa puani. Nyuma ya mizani amekaa Kaseti. Ni wa kijivu, mkubwa kama kabati la vyombo, amevaa miwani iliyofungwa kwa kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Nipulize kwanza," anasema. "Sioni."

Nainama, nampuliza kwa chini, pale penye meno ya shaba, kama tulivyokuwa tunafanya zamani kaseti ikigoma. Vumbi linatoka. Anakohoa.

"Tena."

Nampuliza tena.

"Sasa nakuona. Ndiye wewe. Pumzi ya dagaa ile ile. Kifua changu hiki umekiharibu wewe, unajua?"

"Samahani, bibi. Wajukuu hawajambo?"

"Wote tisini na tisa hawajambo," anasema, na nyuma yake wanapita wanne, wanabadilishana kofia, wanapita tena.

Kidole na Kaseti, nagundua, wana ugomvi wa siku nyingi, kama wa kwangu na Bi Mgeni. Kila mmoja anadai gemu zake ndizo zenye raha. Wanataka wapimiwe.

"Wewe si ulikuwa mpima?" Kaseti ananiuliza.

"Miaka ishirini na saba. Mizani hainidanganyi." Sikuona sababu ya kuongeza kwamba mimi ndiye niliyekuwa naidanganya.

Kaseti analeta gunia lake. Sindano inazunguka mpaka inapiga mwisho. Nalifungua. Juu ni mawe. Mawe ya kufa, mawe ya kurudi mwanzo, mawe ya macho kuwasha, mawe ya kuambiwa "zima hilo dude uje kula". Nachambua mpaka kiuno kinalia. Chini kabisa, kwenye kona, nakuta kipande cha sukari guru kikubwa kama jino.

"Ndiyo raha yenyewe," Kaseti anasema. "Onja."

Naonja. Magoti yangu yanapona hapo hapo. Nimesimama sebuleni kwangu, nina nywele, nimevuka shimo la sita, napiga kelele mpaka jirani anaingia na fimbo akidhani pana nyoka.

Kidole kinaleta debe zima la bisi. Naliweka kwenye mizani. Sindano haitikisiki. Nazila zote, na nilichopata ni kiu.

"Kaseti ameshinda," natangaza.

"Sawa, mzee wangu," Kidole kinasema. "Na wale waliochoka kutoa mawe kabla hawajafika chini?"

"Walikuwa wangapi?"

"Karibu wote."

Kaseti anaangalia pembeni. Mimi nikachukua karatasi, nikaandika "sare", nikagonga muhuri, kama nilivyokuwa nafanya zamani wenye lori wakianza kunitazama vibaya.

"Tuache hayo," Kaseti anasema. "Saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu," Kidole kinajibu.

"Sikiliza wewe, mpima. Saa kumi kamili jioni zege linamwagwa kwenye shimo la mwisho. Juu ya shimo hilo kuna mtu. Asipovushwa kabla ya hapo, anahamishiwa kwenye simu, atakaa na mapera milele. Wewe si ndiye uliyelivuka shimo la nane?"

"Ndiye mimi."

"Basi ni kazi ya dakika mbili," anasema, na kunipa roho zangu tatu zimefungwa kwenye gazeti kama maandazi. Bado zina moto.

Nyuma ya banda kuna udongo wa kahawia uliokatwa vipande vya mraba, na katikati shimo jeusi. Kando yake, kwenye stuli, iko televisheni yangu ya mwaka ule, juu imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mbele yake pedi na mkeka. Mkekani amekaa mtu, amenipa mgongo. Sikumjali.

Na juu ya shimo, hewani, yuko Bwana Ndoo. Goti moja limekunjwa, mkono umeshika ndoo, mwili wote ni vijiboksi. Hapandi wala hashuki. Ng'ambo yake moto unawaka.

"Shikamoo, Bwana Ndoo."

Anageuza macho tu. Shingo hakuchorewa.

"Marahaba. Umeme umerudi?"

"Umerudi."

"Ulichukua muda."

"Kulikuwa na matatizo kwenye laini."

"Miaka thelathini."

"Ni laini ndefu," nasema.

Tone la maji, la mraba, linadondoka kutoka kwenye ndoo na kupotelea shimoni.

"Mkono umekufa ganzi," anasema. "Huko kwenye simu wanakonipeleka, nasikia mtu haanguki."

"Haanguki."

"Sasa anaruka ili iweje?"

"Anapewa zawadi."

"Akivuka?"

"Akivuka, asipovuka. Hata akiwa hayupo wanamtumia ujumbe kwamba wamemkosa."

Bwana Ndoo ananitolea macho. "Hao watu wana shida gani?"

Mke wangu ni mmoja wao.

"Nifanyie jambo moja, bwana," anasema. "Nirushe. Nikianguka sawa, nikivuka sawa. Lakini awe mtu ndiye aliyenirusha, kwa mkono wake, huku moyo unampiga. Kuzibiwa shimo sitaki."

Nashika pedi. Bwana Ndoo anarudi ukingoni, anakimbia, tap tap tap. Nabonyeza. Nimechelewa kidogo, dole limezeeka. Anatumbukia huku akinitazama.

Na mimi nakufa. Nakufa kabisa.

Niko kwangu. Mikeka imetandikwa uani, wanaume wamevaa kofia, sufuria la pilau liko jikoni. Kwa kuwa hakuna anayenizuia, nakaa katikati yao. Jirani yangu, Mzee Shekalaghe, anasimama kuzungumza.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu. Atakumbukwa kwa kuvuka shimo la nane."

"Kweli," watu wanaitikia.

"Mimi aliniambia mwishoni alikuta mfalme," anasema mtu wa nyuma.

"Mfalme? Mimi aliniambia alikuta duka la nyama."

"Nyie! Mimi aliniambia ng'ombe aliyevaa taji!"

Wanaanza kubishana. Nakula haraka haraka, nanawa, narudi shimoni.

Nashika pedi tena. Tap tap tap. Safari hii nimewahi mno, ameruka pasipo na shimo bado, amelikuta wakati wa kutua. Nakufa.

Wale watu bado wamekaa vile vile. Pilau limepoa.

"Tena?" Mzee Shekalaghe anauliza.

"Tena."

"Basi hotuba ni ile ile," anasema, na wala hasimami.

Narudi. Saa kumi kasoro robo. Mahali fulani nasikia koleo zinachanganya zege. Kwenye gazeti imebaki roho moja, imeanza kunyauka.

"Umekufa mara mbili na hujapisha," Kaseti anasema.

"Ya pili pedi iliteleza."

"Na ya kwanza?"

"Nilikuwa najaribia."

"Aliyekufa anapisha."

"Kumpisha nani?" nasema kwa hasira. "Anayefuata nani hapa?"

Yule wa mkekani anageuka. Ni Bi Mgeni, wa mwaka wa tisini na nne, kiuno chembamba, kanga mpya, miguu ameinyoosha. Ila amevaa miwani yake ya leo.

"Mimi," anasema. "Bado nangoja."

"Mara hii tu, Mama Hidaya. Nikifa hii nakupa."

"Ulisema hivyo hivyo siku ile."

Simsikilizi. Tap tap tap. Naruka. Bwana Ndoo yuko juu ya shimo, goti limekunjwa, na mimi, kwa macho ya mtu aliyepima vitu miaka ishirini na saba, naona kabisa kwamba hafiki. Zimepungua hatua mbili.

Hapo mguu wangu unaondoka wenyewe. Sikuutuma. Unapita chini ya stuli kama nyoka anayejua shimo lake, dole gumba linaikuta swichi, linaibonyeza. Pwaa! Kioo kinazimika.

"Aa! Umeme umekatika!" nasema kwa sauti. "Hiyo haihesabiwi!"

Balbu ya banda inawaka. Taa ya mizani inawaka. Kidole kinang'aa vile vile. Bwana Ndoo ananing'inia pale pale aliponing'inia miaka yote.

"Ndilo hilo," anasema. "Dole ndilo hilo hilo. Na kucha hajaikata mpaka leo."

Naurudisha mguu taratibu. Namtazama Bi Mgeni. Amekaa, mikono mapajani.

"Siku ile nilitoka nje," anasema. "Taa ya jirani zetu, kina Mama Chausiku, ilikuwa inawaka. Redio yao inaimba."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nikangoja. Nikangoja. Halafu Hidaya akaninunulia simu."

Koleo zimesimama. Nadhani hata zege lilikuwa linasikiliza. Nimeshawahi kusema uongo mbele ya meneja, mbele ya kadhi, na mara moja mbele ya daktari aliyeshika picha ya mapafu yangu. Haikuwahi kuniwia vigumu. Lakini hili nalisema macho yakiwa kwenye pedi.

"Sikulivuka," nasema. "Shimo la nane sijalivuka hata siku moja. Mwisho wake siujui. Ng'ombe wa taji nilimtunga mwenyewe."

Kutoka upande wa pili wa ukuta, kwenye matanga yangu, nasikia: "Amesema nini? Amesema nini huyo?"

Naiweka pedi mkekani.

Bi Mgeni anafungua pindo la kanga. Ndani, amezifunga fundo, ziko roho zake tatu. Mbichi, hazijaguswa, zinang'aa kama zimetoka dukani leo. Alipewa pamoja na mimi, siku gemu ilipoingia nyumbani, na hakuwahi kupata pa kuzitumia.

Kidole kinajisogeza. "Mama yangu, bonyeza ha..."

"Hebu niondolee dole lako machoni."

Kinarudi nyuma, kinajikunja, kinakaa kwenye kona. Nafikiri hakijawahi kuambiwa hivyo.

Anashika pedi kinyumenyume. Namgeuzia. Tap tap tap. Bwana Ndoo anaingia shimoni bila hata kuruka, kama mtu aliyetumwa. Bi Mgeni anakufa, anarudi, mdomo wazi.

"Shimo lina roho mbaya hili!" anasema, na kucheka. Kicheko kile sijakisikia nyumbani kwangu tangu simu ilipoingia, na labda kabla ya hapo. Kwenye matunda huwa anatabasamu tu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Halafu ananisukumia pedi. "Haya, shika. Nimekufa."

Hivyo tu. Nimekufa, shika. Miaka yote ile sikujua kama maneno hayo yanaweza kutoka kwa wepesi namna hiyo.

Nashika. Mguu wangu unaanza kutapatapa, unaitaka swichi. Naukunja, naukalia. Tap tap tap. Naruka, nimekaza meno, nimeukalia mguu, na Bwana Ndoo anashuka shimoni taratibu na ndoo yake.

Ilikuwa roho yangu ya mwisho.

Matangani wamekwisha kusikia yote. Safari hii Mzee Shekalaghe amesimama.

"Marehemu alikuwa mwongo," anasema.

"Kweli," watu wanaitikia, kwa nguvu kuliko mara ya kwanza.

"Tena mwongo mkubwa."

"Kweli."

"Lakini mwishoni aliukalia mguu wake."

"Kweli," wanasema, na mtu mmoja ananiongezea nyama.

Sijamaliza kutafuna, Bi Mgeni anatokea upande wa wanawake. Naye kafa. Watu wanamiminika, wanalia, wanamwimbia. Wamejaa mpaka barabarani. Kwangu walikuwa ishirini, tena wanane walifuata pilau. Yeye mwenyewe hana muda nao, anachota pilau kidogo kwa mkono, anakula amesimama.

"Nimebakiza moja," ananiambia kwa juu ya vichwa vya watu. "Na nimeshaona kosa lako. Wewe unaogopa kwanza ndiyo uruke. Inatakiwa uruke kwanza."

"Ngoja twende wote!"

"Utaenda na roho ipi?" Mzee Shekalaghe ananivuta shati. "Kaa chini, maiti. Kula."

Anaondoka. Nabaki nimekaa. Saa ya ukutani inaonesha saa kumi kasoro dakika mbili. Nasikia toroli la zege linasukumwa, gurudumu lake linalia.

Naweka sikio ukutani. Upande wa pili nasikia tap tap tap. Halafu kubonyeza kumoja, kukavu, na baada ya hapo kimya kirefu ambacho najua kabisa ni cha mtu aliye hewani.

Halafu maji. Ndoo nzima, chwaaa! na moto unasema shhhh.

Toroli linasimama. Unafuata muziki, sauti nne tu, mbovu, za mashine, ambazo sijawahi kuzisikia maishani mwangu. "Hongera," Kidole kinasema, polepole, na safari hii hakikumwaga karatasi.

"Kumbe kuna huku!" Hiyo ni sauti ya Bwana Ndoo. "Jamani, kumbe kuna huku!"

"Haa!" Bi Mgeni anapiga ukelele. "Baba Hidaya! Njoo uone!"

Najaribu kuinuka. Sinyanyuki. Mkeka umenishika kama gundi.

"Kuna nini? Mama Hidaya, kuna nini?"

"Njoo uone mwenyewe, upesi, kabla haijaanza upya!"

"Niambie tu! Kuna mfalme?"

"Inaanza upya," nasikia Kaseti anatangaza. "Kutoka shimo la kwanza. Kwa kasi mara mbili."

"Twende!" anasema Bwana Ndoo, na sijawahi kusikia mtu anayerudishwa mwanzo akafurahi namna ile.

"Kuna nini huko?" napiga kelele, lakini matanga yamekwisha, watu wanakunja mikeka, na wawili wameshika wa kwangu na kuuvuta mimi nikiwa juu yake.

Nikaamka niko sakafuni, kando ya kochi. Jua limeshuka mpaka dirishani. Saa ilikuwa kumi na dakika tatu.

Bi Mgeni alikuwa amekaa kwenye stuli mbele yangu, yule wa siku zote, na miwani yake. Simu ilikuwa mezani, imezimwa. Alikuwa anajisugua dole gumba la mkono wa kushoto, analipuliza, anajisugua tena.

Nikajivuta karibu nikaangalia. Katikati ya nyama ya dole palikuwa na alama, imedidimia, nyekundu, mfano wa alama ya kujumlisha.

Kwa wasioijua alama hiyo: pedi za zamani zilikuwa na kitufe cha plastiki ngumu cha kuelekeza mtu juu, chini, kushoto na kulia, na mtu akikikandamiza kwa nguvu, kwa hofu, kilikuwa kinaacha chapa yake kwenye dole mpaka kesho yake. Kioo cha simu hakiachi kitu. Na pedi nyumbani kwangu haijaonekana tangu mchwa walipolimaliza kabati lililokuwa na vitu vile, mwaka wa elfu mbili na moja.

"Mama Hidaya."

"Abee."

"Moto ulipozimika, kulikuwa na nini?"

Hakuniuliza moto gani. Alilificha dole ndani ya kanga, akanyoosha miguu.

"Zamu yako ikifika," akasema, "utaona mwenyewe."